Kambare Uvunguni

Wanaume wa ukoo wetu wakisimulia enzi za samaki wa Ruvu, hadithi yao huishia kapu linapojaa. Watakueleza jinsi dimbwi lilivyochemka, jinsi kambare alivyomwangusha fulani akalowa mpaka kifuani, jinsi perege walivyomwagwa majanini hadi watu wakachoka kuokota. Halafu watatikisa vichwa na kusema siku hizi hakuna kitu. Hakuna hata mmoja atakayekueleza lile kapu lilipofika nyumbani lilifanya nini. Sisi tuliokuwa uani tunajua, maana kwetu shughuli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Nazungumzia Dutumi ya Kibaha, bonde la Ruvu, upande unaopakana na Kisarawe. Msiichanganye na Dutumi ya Morogoro, ile ambako Richard Burton na John Speke waliangushwa na homa mwaka 1857 wakielekea Tanganyika. Wenzetu wana historia ya wazungu wagonjwa. Sisi tuna kambare.

Baba alikuwa karani Dar es Salaam. Dutumi ni kwao Mama. Hili la kwao Mama lishikeni, litaleta balaa mbele ya safari. Likizo ya Juni ikifika alitupakia treni ya Reli ya Kati, daraja la tatu, tukashuka Kwala. Kutoka hapo ni miguu, na baiskeli ya Mjomba ikibeba mizigo pamoja na mdogo wetu wa mwisho, aliyefungwa kwa kanga asianguke akisinzia.

Juni haikuchaguliwa kwa ajili ya shule tu. Masika yakikolea, maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru huujaza Ruvu ukavuka kingo zake na kulala juu ya nyasi za bondeni. Kambare wanaingojea saa hiyo. Maji mapya yakifunika majani wanatoka mtoni kwenda kutaga humo, na perege wanafuata, kwani kwenye maji ya kina kifupi yenye jua chakula ni kingi na hakuna mkondo wa kupambana nao. Mvua zikikatika maji hurudi mtoni, lakini si samaki wote wanaowahi kurudi nayo. Wanabaki kwenye madimbwi, nayo madimbwi yanasinyaa, hadi inafika siku unaona migongo ya kambare kabla hujaona maji.

Siku hiyo aliitangaza Babu. Hakuwa na haja ya kalenda. Asubuhi alitoka kwenda kutazama ndege tu, na akiona korongo na yangeyange wamesongamana mahali pamoja, alirudi akasema, "Kesho." Basi usiku huo hapakulalika.

Tuliondoka gizani ukoo mzima. Babu na migono yake aliyoisuka kwa fito, Mjomba na wavu, Baba na ndoana mpya kutoka mjini ambazo wenyeji wake walizitazama kwa adabu na kunyamaza. Wanawake walibeba makapu matupu, na msidhani walikwenda kubeba tu. Bibi, Mama, Mama Mdogo na Mkaza Mjomba waliingia dimbwini wamejifunga kanga juu ya magoti, wakajipanga safu moja, kila mmoja na tenga lisilo na kitako. Unalikita tenga topeni, unasikiliza. Likitulia, unasogea hatua. Likigongwa kwa ndani, unapitisha mkono kwa juu na kutafuta kichwa, wala si mkia, na unashika kwa hesabu, kwa sababu kambare ana miiba miwili kwenye mapezi ya kifuani na akikupata utaimba. Mama Mdogo hakuwahi kuchomwa. Baba alichomwa mapema kabisa, kila mwaka, na akapata sababu ya kwenda kukaa chini ya mti na ndoana zake.

Babu alisimama ukingoni na mkuki, macho kwenye maji makubwa. Ruvu una mamba na viboko, nao hawaheshimu likizo.

Kulikuwa na masharti. Perege jike akitolewa majini ghafla hutema watoto aliowaficha kinywani. Vinamwagika kiganjani, vidogo vidogo, macho matupu. Bibi aliamuru huyo arudishwe upesi pamoja na wanawe, na hakujisumbua kutoa sababu. Babu naye alikataza utupa. Ukitwanga majani ya utupa na kuyamwaga dimbwini, samaki wote huelea, wakubwa kwa wadogo, na Babu alisema mtu wa namna hiyo anakula na chakula cha mwakani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu vilevile, kwa maneno mengi zaidi.

Kufikia adhuhuri makapu yalikuwa yamejaa, wavu wa Mjomba umejaa, na mashati ya watoto yamefungwa mikono yakafanywa mifuko. Wanaume wakaanza kuimba.

Sasa njooni uani.

Kambare haliwi hivihivi. Ana utelezi ambao hautoki kwa maji matupu. Unamsugua kwa majivu mpaka ngozi ikwaruze, unamsuuza, unampasua, unamtoa matumbo, unamkunja duara mkia mdomoni, unamchomeka kijiti asikunjuke, unampanga juu ya chanja. Perege unampara magamba, na magamba hayo utayakuta kwenye nywele siku ya Idi. Chini ya chanja unawasha kuni na makumbi ya nazi, upate moshi kuliko moto. Moshi huo unalindwa usiku kucha. Moto ukizidi, samaki wanaungua. Ukipungua, funza wanaingia. Mafuta ya samaki yanadondoka, moto unaruka, mtu anakimbilia maji. Alfajiri wanageuzwa. Kesho yake vilevile. Muda wote huo wanaume wako barazani, na kambare wao wanazidi kurefuka kila wanaposimuliwa.

Utauliza kwa nini wasikaangwe. Ulikuwa mwaka 1983. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera ikiwa hoi. Mafuta ya kupikia, sabuni, sukari, mafuta ya taa, kiberiti, vyote vilikuwa kwa mgawo, na mgawo wenyewe ulikuwa habari tu. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa ametangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na wenye vitu waliogopa kuonekana navyo. Tulikuwa na samaki wa kulisha tarafa nzima, na hatukuwa na kijiko cha mafuta cha kumkaangia mmoja. Tulikula chukuchuku, tukala wa moshi kwa nazi, tukala wa moshi bila nazi. Baba alikuwa amekuja na furushi la unga wa mahindi ya njano, ule wa msaada ambao mjini uliitwa unga wa Yanga, na Mjomba, mshabiki wa Simba hadi kwenye mifupa, akaapa kwamba ugali ule hautapita kooni mwake. Akala kambare watupu. Mikono ikinuka samaki tuliosha kwa majani ya mpapai na ndimu, na bado ilinuka.

Kugawa nako kulishindikana. Kila jirani alikuwa na chanja lake linafuka. Kina mama wa upande wa Kisarawe, ambao kwa kawaida walikuja na nazi na muhogo kubadilishana na samaki, mwaka ule walichungulia uani, wakaona hali, wakasalimia na kupitiliza na mizigo yao. Mama akanituma kwa mwalimu wa shule na kapu zima. Mwalimu akatoka, akashukuru sana, akaniuliza masomo yangu, kisha akasema kwa upole kwamba yeye ni Msabato na samaki asiye na magamba hali. Nikarudi na kapu kichwani. Mtu akikataa kambare wako kwa sababu za imani huwezi hata kukasirika.

Hapo ndipo Mjomba alipotoka tena bondeni, ana furaha, ana kapu jingine.

"Leo sibaniki," Bibi akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, wataoza hawa."

"Watakaooza si wangu. Wangu wako juu ya chanja."

Mkaza Mjomba akacheka, akajifanya amepaliwa na moshi. Mama Mdogo akaweka kisu chini. Mama naye akaweka. Sikuwa na kisu, lakini nilikuwa nimeshika kijiti, nikakiweka. Bibi akanitazama akasema, "Umeona, mke mwenzangu? Mume wetu na wanawe wanajua kuvua tu." Huo ulikuwa utani wake na mimi, mke mwenza wake kwa Babu, ila siku ile hapakuwa na utani ndani yake.

Babu aliitwa kusuluhisha. Alisikiliza, akatazama kapu, akatazama macho ya mkewe, akasema anakwenda kuangalia migono.

Mjomba akabaki na kapu na akili zake. Akazitumia. Kambare, alisema, hafi upesi. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa; ndiyo maana anaishi topeni ambako perege anakufa. Akiwekwa kwenye maji atakaa mzima siku kadhaa. Basi hakuna haja ya moshi, hakuna haja ya wanawake. Watatiwa kwenye pipa, watapelekwa Dar es Salaam wazima wazima, watabadilishwa kwa sabuni, mafuta na sukari.

"Utakamatwa," Babu akasema aliporudi. "Mlanguzi wa kambare."

"Mlanguzi anaficha, Baba. Mimi nitabeba hadharani."

Likatafutwa pipa la mafuta lililokatwa nusu. Kwa hofu ya paka Mjomba akakataa lisikae uani. Akaliburuta hadi ukumbini, katikati ya vyumba. Akatuamuru watoto tulijaze. Tukachota, tukamimina, tukamwambia linatosha. "Samaki anataka maji," akasema, "jazeni." Likajaa mpaka mdomoni. Akatafuta cha kufunikia, akaona ungo wa Bibi ukutani, akalifunika nao na kuuwekea jiwe.

Jioni Bibi akataka kupepeta mchele, kwa kuwa mkwe wake yumo nyumbani na mkwe halishwi mchele wenye pumba. Akatafuta ungo. Akauona ulipo. Akaondoa jiwe, akachukua ungo wake, akaenda nao. Kesi iliposikilizwa baadaye, swali la kwa nini hakufunika kwa kitu kingine liliulizwa na watu kadhaa, na jibu lake halikubadilika: ungo ni wake, pipa si lake.

Mjomba aliijua nusu ya kwanza ya habari za kambare. Nusu ya pili ni kwamba samaki huyu anayevuta hewa hutembea pia. Usiku, ardhi ikiwa na unyevu, hujivuta kwa kiwiliwili na ile miiba ya mapezi, kutoka dimbwi linalokauka kwenda kutafuta jingine. Pipa lililojaa mpaka mdomoni halihitaji hata kurukwa. Unateleza tu.

Sisi watoto na Mama Mdogo tulilala ukumbini, mkekani. Baba, kwa heshima yake, alipewa chumba cha mbele. Ng'ambo ya ukumbi kilikuwa chumba cha Babu na Bibi. Kibatari kilikuwa kikavu tangu juzi yake na usiku ulikuwa hauna mwezi.

Kitu baridi, chenye sharubu, kikapita shingoni kwa binamu yangu.

"Nyoka!"

Sijasikia tena neno likifanya kazi haraka namna ile. Watoto wote walikuwa juu ya Mama Mdogo kabla hajaamka vizuri. Tukasikia wa pili sakafuni, pwata, pwata, na wa tatu, na wengine upande wa mlangoni, na Mama Mdogo, ambaye hakuwahi kuchomwa dimbwini, akachomwa kisigino na kupiga yowe lililothibitisha kwamba kweli ni nyoka na kwamba wako wengi. Baba akatoka chumbani amejifunga shuka, ana mchi wa kinu mkononi. Akapiga sakafu. Akapiga tena, safari hii akaupata mtungi wa maji ya kunywa, ukapasuka. Sasa ukumbi ulikuwa na maji, utelezi na vigae, na kambare wakafurahia mabadiliko hayo. Baba akateleza, shuka likabaki nyuma, akainuka, akapapasa gizani, akaushika mkono wa mwanamke aliyekuwa amesimama pale, akamvuta kwa nguvu zote za mume mwenye kujali.

"Mke wangu, panda kitandani!"

"Mimi ni mama yake," sauti ikajibu.

Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Hali naye sinia moja, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja hukata kona. Na huyu alikuwa amemshika, amemwita mkewe, na amemwamrisha kitandani.

Babu, ambaye alikuwa amebakiza njiti chache za kiberiti kwa dharura, akaona hii ni dharura, akawasha.

Sitaeleza kilichoonekana. Ni wazazi wangu. Nitasema tu kwamba njiti ile ilizimwa upesi sana na mtu mwingine, na kwamba sehemu iliyobaki ya usiku Baba aliimalizia nje, chini ya mwembe, amejifunika gunia.

Asubuhi tukawasaka. Walikuwa chini ya vitanda, nyuma ya masanduku, ndani ya kinu, ndani ya kiatu cha Babu cha Ijumaa. Mmoja alikuwa amefika uani na kuelekea bondeni kwa njia ileile tuliyomletea. Mjomba alihesabu, akahesabu tena, akasema anapungua mmoja. Hakuna aliyemjibu.

Balozi wa nyumba kumi alifika mapema, maana yowe lilisikika mbali na kazi yake ilikuwa kujua. Akakaribishwa, akaelezwa, akaomba aelezwe tena lile la kitandani, akainamisha kichwa muda mrefu huku mabega yakimtikisika. Baraza likakaa. Bibi alizungumza akiwa amejifunika uso, akimpa Mama maneno ampelekee Baba, aliyekaa umbali wa hatua chache na kusikia kila kitu. Hukumu ikatoka kabla ya chai, ambayo ilikuwa ya majani ya mchaichai bila sukari: mkwe alete mtungi mpya, na aifute aibu kwa doti ya kanga. Mjomba na wanaume wenzake wabanike wenyewe kambare waliosalia.

Wakabanika. Mjomba hakuona sababu ya kuhangaika na moshi siku mbili ilhali moto mkubwa ungeimaliza kazi kwa saa moja. Wanawake waliketi mkekani wakisukana nywele na kumtazama. Hakuna aliyesema neno, hata miali ilipopanda hadi kwenye fito. Chanja likaungua lote pamoja na kambare wa Mama Mdogo waliokuwa wamekwisha kukauka vizuri, na mbwa wa kitongoji kizima wakala wakasaza.

Tuliondoka na treni iliyotakiwa ipite Kwala alfajiri na ambayo ilipita ilipotaka. Tulipokaribia Pugu, abiria wa daraja la tatu wakaanza kutazamana. Kisha wakaanza kumtazama Baba, ambaye mkoba wake wa kazini ulikuwa umepakatwa mapajani. Akaufungua polepole. Yule aliyepungua alikuwa humo, kati ya karatasi za ofisi, ameaga dunia tangu siku nyingi. Ndiye kambare pekee wa Mjomba aliyefika Dar es Salaam.

Ukipita Kwala leo hutaitambua. Bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025 imeweka makontena mahali tulipokuwa tukikaa juu ya masanduku kungoja treni, na treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, inasimama Soga na Ruvu kisha inakwenda zake. Mto nao umepewa kazi nyingi. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi mwaka 1959 na wa Ruvu Chini Bagamoyo mwaka 1976. Leo wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa pili milioni 270, na karibu yote ni ya kunywesha Dar es Salaam. Novemba 2021 mto ulishuka hadi jiji likaingia kwenye mgao. Lawama zilienda kwa ukame, kwa pampu za wakulima na kwa mifugo, na nadhani kila mmoja alistahili kipande chake. Sasa linajengwa bwawa la Kidunda, juu ya mto kutoka kwetu, la lita bilioni 190, ili maji ya masika yashikwe na kutolewa kiangazi. Ni jambo jema kwa mwenye bomba. Lakini yale maji ya masika ndiyo yaliyokuwa yakilala kwenye nyasi na kuwaita kambare, na katika hotuba zote nilizosikia sijamsikia aliyeuliza wao watataga wapi. Wala siwezi kuwawekea wahandisi wa bwawa mzigo wote. Nyavu za vyandarua zilifika bondeni miaka mingi kabla yao, na utupa ulirudi mara tu Babu alipofariki.

Watoto wa Mjomba wananunua sato wa barafu kutoka Mwanza, kwa kilo. Wanaume wanahuzunika sana juu ya jambo hili. Mama Mdogo hahuzuniki. Nilipomuuliza kama anaukumbuka wingi ule, alisema macho yake yanaukumbuka, akayafikicha, akanikumbusha kwamba kisigino bado humsumbua mvua zikikaribia.

Mtungi ulipatikana upesi. Kanga ndiyo iliyomtesa Baba. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa kikichapa kanga tangu mwaka 1968, na Dar es Salaam nzima ilijua kilipo, ila mwaka ule kuijua njia na kuipata kanga yalikuwa mambo mawili. Alipanga foleni na kukuta dirisha limefungwa. Alimwomba mtu aliyemjua mtu. Mwishowe, kwa njia ambayo hakuieleza na ambayo Sokoine asingeipenda, akaja na doti moja, nyekundu, nzuri, imekunjwa ndani ya gazeti. Hakuwa na nafasi ya kuchagua jina, na hata kulisoma hakulisoma. Mama alilisoma usiku, akakaa kitandani akacheka hadi akashika mbavu. Lilikuwa jina la kumsuta mtu asiyejua mipaka yake katika nyumba ya mwenzake.

Nyingine haikupatikana. Desemba tukaipeleka hiyohiyo. Baba alibaki mwembeni, akanituma mimi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaipima urefu, akanusa upya wake, akanyoosha kidole kwenye maandishi.

"Mke mwenzangu, hebu nisomee. Imeandikwaje?"

Nikatazama maandishi. Nikamtazama Baba kule mwembeni.

"Imeandikwa, Mama ni mama."

Bibi, aliyepita madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya sabini na ambaye cheti chake kilitundikwa ukumbini juu kidogo ya pale lilipokuwa pipa, akatikisa kichwa taratibu, akasema shule ya mjini inanifundisha vizuri. Kisha akaivaa, jina likikaa nyuma, akapita mbele ya mwembe mara mbili zaidi ya ilivyohitajika kwenda kisimani.